Mwandiko mwembamba kwenye lebo ya asali: uuache wapi, uutoe wapi

Swali: Ninauza asali na siagi ya karanga hapa Arua, na nyingine naituma Kampala kwa basi. Binti wa dada yangu alinitengenezea lebo kwa simu, kwenye Canva, programu ya kubuni michoro, akatumia fonti inayofanana na mwandiko wa mkono, nyembamba, iliyolegea kidogo, kama mtu ameandika upesi kwa kalamu. Rangi ni kahawia juu ya krimu. Kwenye simu ilipendeza mno. Ilipochapwa ikatoka hafifu kama kitu kilichoanikwa juani, na mteja mmoja wa Kampala alisoma vibaya namba yangu ya simu. Fundi wa chapa ananiambia niachane nayo kabisa, niweke Arial. Binti anasema Arial ni ya barua za ofisi. Nani ana haki? Nataka pia kuiweka kwenye kibao cha duka na kwenye fulana.

Jibu: Dada yangu, hapa binti na fundi kila mmoja ameushika ukweli upande wake. Binti ameona sawasawa kwamba asali inayotoka kwa mtu anayejulikana inastahili sauti ya mtu. Fundi ameona sawasawa kwamba sauti hiyo haisikiki kwenye karatasi uliyomletea. Ushauri wangu ni kwamba fonti usiitupe, ila uihamishe. Ibaki pale ambapo wewe ndiye unayezungumza na mteja, kwa maneno machache na kwa herufi kubwa kiasi. Kila kitu ambacho mteja anakitegemea, yaani namba, tarehe, uzito, bei na viungo, kiandikwe kwa herufi za kawaida zilizosimama.

Fonti za namna hii zilianza zamani kuliko simu. Mfaransa Roger Excoffon alitoa Mistral mwaka 1953 kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe, herufi zikashikana kama kwenye barua. Ile inayochekwa dunia nzima, Comic Sans, ilichorwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 kwa sababu yenye akili kabisa: aliona programu yenye kijimbwa cha katuni kinachoongea, na maneno yake yamepigwa kwa Times New Roman, herufi za gazeti. Akaona mbwa haongei hivyo. Mpaka hapo alikuwa sahihi. Kasheshe ilianza pale watu walipoichukua sauti ya mbwa wa katuni wakaipeleka kwenye matangazo ya msiba na milango ya hospitali. Kwa hiyo fonti ya mwandiko haina ubaya wala uzuri wake peke yake. Uliza tu ni nani anayesema maneno haya, na kama mtu huyo angeyaandika kwa mkono. "Imerinwa na sisi wenyewe, Nile Magharibi": ndiyo, mrina asali angeyaandika. "Uzito halisi 500 g": hapana, hiyo ni kauli ya mizani.

Sasa tuje kwenye lebo yako, maana kuna sababu zaidi ya moja za kutoka hafifu, na nadhani imekupata zaidi ya moja.

Ya kwanza ni wembamba wenyewe. Kwenye fonti nyepesi ya mkono, unene wa mstari wa herufi huwa kama sehemu moja ya thelathini na tano ya ukubwa wa fonti, wakati mwingine hata chini ya hapo. Pointi, kipimo cha ukubwa wa fonti, moja ni milimita 0.353. Ukiandika jina la asali kwa pointi 24, mstari unakuwa na unene wa karibu milimita 0.24, na huo unachapika. Lakini ukiishusha fonti hiyohiyo hadi pointi 8 ili ipate nafasi ya anwani na viungo, mstari unabaki milimita 0.08. Printa ndogo za stika, zile za joto ambazo maduka mengi hutumia, huwa na nukta 203 kwa inchi, maana yake kila nukta ina upana wa milimita 0.125. Mstari wako ni mwembamba kuliko nukta ndogo kabisa ambayo mashine inaweza kuiweka. Mashine inafanya uamuzi wake: hapa inaweka nukta, pale inaruka. Ndiyo ile sura ya kufifia unayoiona. Simu haikukuonyesha hilo kwa sababu kioo chake kina nukta nyingi zaidi kwa inchi, tena kinawaka mwanga kutoka nyuma, na wewe ulikuwa umeikuza lebo kwa vidole.

Ya pili ni kahawia. Hili watu wengi hawaambiwi. Mashine ya rangi nne haina wino wa kahawia. Inatengeneza kahawia kwa kupanga vidoti vya njano, waridi, samawati na nyeusi karibukaribu mpaka jicho lidanganyike. Kwenye eneo pana, kama mchoro wa mzinga, jicho linadanganyika vizuri. Kwenye mstari wa milimita 0.08 hakuna nafasi ya vidoti kupangika, na rangi moja ikisogea kidogo tu pembeni mstari unapata ukungu wa waridi au wa njano. Maandishi madogo yachapwe kwa wino mmoja, nyeusi asilimia 100. Kahawia iachie jina kubwa na michoro. Nakuomba pia usiandike kwa nyeupe juu ya kahawia iliyokoza kwa herufi nyembamba: wino huwa unatanuka kidogo kwenye karatasi, na kile kijia cheupe kinafunikwa kutoka pande zote mbili.

Ya tatu ni ya kubahatisha, lakini sitashangaa: binti alimtumia fundi lebo kama picha kwa WhatsApp? WhatsApp hubana picha ili zipite haraka, na kitu cha kwanza kuumia ni mistari myembamba. Kwenye Canva pakua kama PDF ya kuchapa, kisha itume kama hati. Faili ikiwa imetengenezwa kwenye programu nyingine, waambie wageuze herufi ziwe kurva, yaani mchoro badala ya maandishi, kabla ya kuituma, la sivyo kompyuta ya fundi ambayo haina fonti hiyo itaweka ya kwake bila kukuuliza.

Kuna wanaotibu wembamba kwa kuizungushia herufi mstari wa nje wa rangi ileile ili inenepe. Inaonekana kama suluhisho mpaka uangalie matumbo ya "e" na "a": yamejaa. Afadhali chagua fonti yenye unene zaidi ya mmoja tangu mwanzo. Kalam, kwa mfano, ina nyepesi, ya kawaida na nene. Caveat nayo inakwenda kutoka ya kawaida hadi nene. Zote mbili zinapatikana bure kwenye Google Fonts. Nyepesi iweke kwa maneno makubwa, ya kawaida kwa yaliyo madogo kidogo, na ukifika chini ya pointi 11 achana na mkono kabisa.

Sasa jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote, na ambalo wachoraji wa fonti wa Ulaya na Marekani hawaliwazii sana: maneno yetu yana sura yake. Kiswahili kimejaa m, n, u na i. Andika "nunua" kwa fonti ya mkono uliolegea uone: n na u zinageuka kuwa mawimbi yaleyale, na neno zima linakuwa kama maji ya ziwa yakipigwa na upepo. "Mimina", "mnunuzi", "umeiva" ni hivyohivyo. Hata jina la mji wako lina mtego. R iliyoandikwa haraka ikifuatwa na u, "Arua" inasomeka "Anua" au "Arna", na mteja wa Kampala ambaye hajawahi kuvuka daraja la Pakwach kuja kwenu hatakuwa na njia ya kujua. Kwa hiyo unapochagua fonti, usiangalie ile sentensi ya mfano waliyoiweka wenyewe kwenye ukurasa wa fonti. Wameichagua kwa sababu inapendeza. Andika Arua. Andika nunua, asali, karanga, Nile. Mpe mtu asiyekujua asome kwa sauti, na usimsaidie.

Na kwa kuwa mzigo wako unafika Kampala, siku moja utataka maneno ya Kiganda kwenye lebo, na hapo mambo mawili yatajitokeza. Moja ni herufi ŋ. Kiganda kinaitumia, kama kwenye "eŋŋoma", na fonti nyingi za mkono za bure hazina. Fonti ikikosa herufi, kompyuta inaazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya mwandiko wako laini inatokea ŋ moja nene iliyosimama wima, imevaa suti kwenye shamba la mihogo. Angalia pia umbo la herufi yake kubwa: kuna Ŋ iliyochorwa kama n ndogo iliyokuzwa na mkia, ambayo ndiyo inayozoeleka kwenye lugha za Afrika, na kuna iliyochorwa kama N ya kawaida yenye ndoano, ambayo ni ya Wasami wa kaskazini mwa Ulaya.

Jambo la pili ni herufi pacha. Ssebo, nnyabo, ssente, Ggaba, Mmengo. Kiswahili nacho kina maalumu, saa, mzee. Hakuna binadamu anayeandika s mbili kwa mkono zikafanana kama mapacha wa kuzaliwa. Fonti ya bei rahisi inafanya hivyo, na hapo ndipo jicho linagundua kwamba hakuna mkono ulioandika hapa. Fonti nzuri ya mkono ina maumbo mawili au matatu ya kila herufi, na inabadilisha yenyewe pale herufi zinapofuatana. Jaribio ni dogo: andika "ssebo" na "maalumu". Herufi pacha zikitofautiana hata kidogo, mchoraji amefanya kazi yake.

Nisiondoke kwenye herufi bila kusema juu ya zile alama tunazozitumia sisi. Bei hapa tunaiandika 15,000/= na fonti nyingi za mkono zina alama ya = iliyochorwa kwa haraka mno, iko juu sana au ni fupi kama kistari. Ijaribu. Ukiandika yote kwa herufi kubwa, kumbuka kwamba fonti ambazo herufi zake zinashikana huvunjika vibaya. Zile zisizoshikana zinavumilia. Na ukitanua nafasi kati ya herufi kwenye fonti inayoshikana, unakata mikono yao.

Kuhusu namba ya simu, hapo sina subira hata kidogo. Mteja wako alikosea kwa sababu kwenye mwandiko uliolegea 1 na 7 ni ndugu, 0 na 6 ni ndugu, na 4 ikifungwa juu inakaribia 9. Neno likikosewa herufi moja msomaji analirekebisha kichwani. Namba yenye tarakimu kumi haina namna ya kujirekebisha. Leo namba hiyo hiyo ndiyo anayoitumia kukulipa. Pesa ikienda kwa mtu mwingine utaanza kupiga simu, kubembeleza na kusubiri, yote kwa sababu ya tarakimu iliyopindishwa ili ipendeze. Iandike kwa fonti ya kawaida, uigawe kwa nafasi, 07xx xxx xxx, ili jicho lipumzike katikati.

Halafu kuna upande wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Chakula kilichofungashwa kinafuata kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki, EAS 38: jina la bidhaa, viungo, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe, na vyote viwe wazi, visomeke kwa urahisi na visifutike. Kwa siagi ya karanga hili lina uzito zaidi kuliko kwa asali, kwa sababu kuna watu ambao karanga zinawadhuru kweli, na mtu huyo hapaswi kukodoa macho kwenye lebo. Ukienda kuomba alama yao ya ubora ya Q, mkaguzi ataitazama lebo kabla hajaonja chochote.

Basi herufi za kawaida ziwe zipi? Arial haitakuua, lakini binti ana haki kwamba ni baridi. Mimi ningekushauri ujaribu fonti inayoitwa Andika, ya shirika la lugha la SIL, iliyochorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. "a" yake ni ile ya mviringo ya daftari la shule, herufi zinazofanana zimetenganishwa kwa makusudi, na ŋ ipo. Kwa kuwa ina ule mviringo wa shuleni, inakaa vizuri pembeni ya mwandiko wa mkono bila kugombana. Fonti mbili zinatosha kwenye lebo moja. Ya tatu ikiingia, utadhani ni tangazo la tamasha.

Nikiipanga lebo yako mwenyewe, ningefanya hivi: jina la asali juu kwa mwandiko wa mkono, pointi 24 au zaidi, kahawia. Chini yake mstari mmoja tu wa maneno yako, usiozidi maneno sita au saba, kwa mkono uleule wenye unene wa kawaida. Yote mengine kwa ile fonti ya Andika, nyeusi, pointi 8 au 9. Hapo mwandiko unapumua, kwa sababu una nafasi tupu kuuzunguka. Mistari myembamba inahitaji uwanja. Na kama unapeleka mzigo kwa wateja wa mara kwa mara, kuna mahali pazuri zaidi kwa fonti hii kuliko lebo: kikadi kidogo cha shukrani kinachofungwa shingoni mwa chupa, au maelezo mafupi ya kwamba asali ikiganda haijaharibika, iweke tu kwenye maji ya uvuguvugu. Hayo ni maneno ya shangazi kwa mpwa, na yanataka mkono. Ndiyo maana kadi za harusi na za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulishana ukweni, pia huzipenda fonti hizi, ila nazo ziandike mahali na saa kwa herufi za kawaida, wageni wasipotee.

Tena, kama mwandiko wako mwenyewe ni mzuri, kwa nini uazime wa mtu wa California? Kuna huduma kama Calligraphr: unachapa karatasi yenye viboksi, unajaza herufi zako kwa kalamu, unapiga skani, unarudishiwa fonti. Tumia kalamu ya wino yenye ncha nene kidogo, kisha jaza na ŋ. Au kwa jina moja tu la asali huhitaji fonti kabisa: liandike mara kadhaa kwenye karatasi nyeupe, chagua lililotoka vizuri, lipigwe picha kwenye mwanga mzuri na fundi aligeuze kuwa mchoro. Mafundi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala wenye sifa zake nzuri na zile nyingine, wanalifanya hilo huku wakinywa chai.

Kibao cha duka nacho ni habari tofauti. Watengeneza vibao wana kipimo chao: kila mita 3 za umbali zinadai sentimita 2.5 za urefu wa herufi. Mtu wa boda akuone kutoka mita 30, herufi iwe na sentimita 25. Kwenye fonti ya mkono herufi ndogo mara nyingi hazifiki nusu ya herufi kubwa, kwa hiyo kipimo hicho kinaongezeka maradufu au zaidi. Unene nao: herufi ya kibao inataka mstari kama sehemu ya tano hadi ya saba ya urefu wake, na fonti yako haikaribii hapo. Usiikuze fonti. Mpelekee mchoraji wa vibao lebo yako kama mfano wa mkono, umwambie aandike jina kwa brashi yake kwa kulegea vilevile. Brashi ina unene wake wa asili, na watu hawa wameandika vibanda vya rolex, ile chapati ya mayai, na migongo ya magari mpaka mkono wao umekuwa fonti yenyewe. Neno "ASALI" liandikwe kubwa, kwa herufi za kawaida, kando ya jina.

Ukitaka stika ya kukatwa kwa mashine ya kubandika kwenye kioo, mistari myembamba itararuka wakati wa kubandua. Fulana: kwa uchapaji wa skrini, chochote chini ya nusu milimita sikiamini kwenye kitambaa, na baada ya kufuliwa mara kadhaa utaona ni kwa nini. Kwa kudarizi, mstari uwe na walau milimita moja. Maana yake kwenye fulana jina lako liwe kubwa kifuani kwa unene wa juu kabisa wa fonti hiyo, au liandikwe kwa fonti nyingine.

Jambo la mwisho la kumuuliza binti ni fonti yenyewe aliitoa wapi. Kama ni ndani ya Canva, asome masharti ya Canva ya matumizi ya biashara. Kama aliipakua kutoka tovuti ya fonti za bure, afungue lile faili dogo la maandishi linalokuja nayo. Nyingi zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu, na lebo ya bidhaa inayouzwa si matumizi binafsi. Mchoraji anadai malipo, na mara nyingi si makubwa. Zenye leseni ya SIL Open Font License, ambazo ndizo nyingi kwenye Google Fonts, unaruhusiwa kuchapa lebo, kibao na fulana bila kulipa. Unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Akishajua hilo, mwambie fundi akuchapie lebo moja ya majaribio kwenye karatasi ileile ya stika na mashine ileile, uibandike kwenye chupa iliyojaa asali, uisimamishe kwenye rafu ya duka, na uisome ukiwa umesimama upande wa mteja kabla hujaagiza mia tano.